Kuchora mandhari ya msitu kwa rangi za akriliki: maswali ya wanaoanza

Mtu anayechora msitu kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kufika kwenye majani. Kinachoufanya msitu uonekane una kina ni ngazi za mwanga na giza, zikipangwa kutoka nyuma kuja mbele. Majani huja mwishoni, tena machache. Majibu mengi hapa chini yatakurudisha kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo linalookoa michoro mingi.

Je, lazima niwe hodari wa kuchora kwa penseli kwanza?

Hapana, na hii ni sababu moja ya kumshauri anayeanza achague msitu. Uso wa mtu ukikosea jicho kidogo tu, kila mtazamaji anajua. Tawi likienda kushoto badala ya kulia, hakuna atakayejua. Unachohitaji kuweka kabla ya rangi ni vitu vitatu: mstari wa ardhi, mahali pa mashina makubwa, na upande mwanga unakotokea. Viweke kwa brashi nyembamba na rangi ya kahawia iliyochanganywa na maji. Penseli nzito huonekana chini ya rangi nyepesi za anga na ukungu, nawe utabaki kuifunika tabaka baada ya tabaka.

Rangi zipi zinatosha kuanzia?

Sita: nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, manjano ya limau, oka ya manjano (manjano ya udongo), amba ya kuchomwa (ile kahawia nzito), na nyekundu moja. Huhitaji nyeusi. Ultramarini ikichanganywa na amba hutoa giza zito lenye uhai kuliko nyeusi ya kopo, na unaweza kulielekeza: ukizidisha buluu linapoa, ukizidisha amba linakuwa vuguvugu.

Zoea kusoma msimbo ulioandikwa kwenye tyubu. PB29 ni ultramarini, PW6 ni nyeupe ya titani, PBr7 ni familia ya amba na siena (kahawia za udongo), PG7 ni kijani cha thalo. Majina ya kuvutia hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini msimbo unakuambia ni chembe gani ya rangi iliyomo ndani. Tyubu yenye misimbo mitatu au minne tayari ni mchanganyiko. Ukiichanganya tena na rangi nyingine, matope hayako mbali.

Rangi za wanafunzi zina chembe chache za rangi na kijazio kingi, kwa hiyo hufunika kwa shida na hufifia haraka zikiongezwa nyeupe. Zinafaa kabisa kwa mazoezi. Ukiwa na uwezo wa kununua tyubu moja tu ya daraja la juu, chukua nyeupe, maana ndiyo utakayoitumia kuliko nyingine zote.

Nichore juu ya nini?

Turubai lililokwisha kuvutwa kwenye fremu, ubao mwembamba, au karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Turubai nyingi huuzwa zikiwa tayari zimepakwa geso, ile rangi nyeupe ya msingi inayoupa uso meno ya kushika rangi. Ubao mtupu upake geso mara mbili na uusugue kidogo kwa msasa laini kati ya tabaka na tabaka. Karatasi ibandike kwa tepu pande zote nne, vinginevyo itajikunja ikilowa.

Kuhusu ukubwa, sentimita 30 kwa 40 ni pazuri pa kuanzia. Eneo dogo sana hukulazimisha kutumia brashi ndogo, na brashi ndogo hukuvuta kwenye majani kabla ya wakati.

Brashi ngapi, na za aina gani?

Nne. Bapa ya sentimita 3 hadi 4 kwa anga na matabaka ya kwanza, bapa ya sentimita 1 kwa mashina na vichaka, moja ya manyoya magumu ya nguruwe, hata ikiwa kuukuu na imetawanyika, kwa majani, na nyembamba ndefu kwa vitawi. Zile nyingine chukua za nyuzi za sintetiki, maana akriliki ni kali kwa manyoya ya asili yaliyo laini. Usiharakishe kununua brashi ya feni, ile iliyotanda kama upepeo. Inatoa alama ileile kila inapogusa turubai, na baada ya muda miti yako yote inafanana.

Kwa nini akriliki hukauka haraka hivi, na kwa nini rangi inakuwa nzito zaidi ikikauka?

Akriliki ni chembe za rangi zilizochanganywa na vitone vidogo mno vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yakitoka, vitone hukaribiana, hushikana na kuwa utando mmoja. Ukishafungamana, maji hayaufungui tena. Tabaka jembamba linaweza kukauka ndani ya dakika 10 hadi 20. Tabaka nene hukauka juu kwanza huku ndani bado likiwa laini kwa siku kadhaa.

Vitone hivyo vikiwa ndani ya maji vina weupe kama maziwa, na vikikauka huwa angavu kama kioo. Ule weupe ukiondoka, rangi inashuka ngazi moja kuelekea giza. Ndiyo maana anga uliyoichanganya vizuri kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) inaonekana imenuna baada ya nusu saa. Changanya rangi iwe nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, paka alama kwenye kipande cha karatasi, kikaushe kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha ndipo uamue.

Baridi kali nayo ina athari. Chini ya takribani nyuzi 10 za Selsiasi vitone havishikani vizuri na utando hubaki dhaifu, basi usichore kwenye chumba chenye baridi ya namna hiyo.

Nianzie wapi: mbele au nyuma?

Nyuma. Anza na kilicho mbali kabisa, uje ukikaribia. Akriliki imeumbwa kwa kazi hii, kwa sababu ndani ya robo saa tabaka la nyuma limekauka na la mbele linapita juu yake bila kulichafua.

Kwanza, paka turubai zima rangi nyembamba ya oka au siena. Weupe wa turubai hudanganya macho: kila rangi unayoiweka juu yake inaonekana ya giza kuliko ilivyo, nawe unaipunguza bila sababu. Tena vipande vidogo vya rangi hiyo vuguvugu vikichungulia katikati ya kijani, picha nzima hupata joto.

Kisha andaa mafungu ya rangi kabla hujagusa mchoro. Hapa pana thamani ya kutulia. Tengeneza fungu la kwanza, rangi ya anga au ya ukungu wa nyuma: nyeupe nyingi, tone la ultramarini, na chembe ya oka. Tengeneza la pili, giza lako kuu: ultramarini, amba, na manjano kidogo ili lielekee kijani. Halafu yachanganye hayo mawili kupata ngazi za katikati. Sehemu sita za anga kwa moja ya giza ni miti ya mbali kabisa. Tatu kwa moja ni miti inayofuata. Sehemu moja ya anga kwa moja ya giza ni miti ya katikati. Giza lenyewe, bila anga ndani yake, linabaki kwa miti ya mbele peke yake. Usizichukulie sehemu hizi kama sheria, kwani nguvu ya rangi hutofautiana kati ya tyubu na tyubu. Kinachotakiwa ni kwamba ukiyapanga mafungu kwenye mstari uone ngazi zinazoshuka kwa hatua zinazoonekana wazi.

Sasa paka. Anga kwanza, na uishushe hadi nyuma ya miti. Juu yake weka umbo la miti ya mbali kwa ngazi ya kwanza, kingo zake laini, bila shina hata moja. Ngazi ya pili ishuke chini kidogo zaidi na ianze kuonyesha mashina membamba. Ya tatu iwe na mashina yanayosomeka na vichaka miguuni. Ya mwisho ni mashina mawili au matatu makubwa ya mbele, mengine yakikatwa na ukingo wa picha. Ukifika hapa hujachora jani hata moja, lakini simama hatua nne nyuma utazame: msitu upo.

Msitu wangu unaonekana kama ukuta wa kijani. Nimekosea nini?

Karibu kila mara kosa ni kwamba miti ya mbali ina giza lilelile la miti ya karibu. Kati yako na mti wa mbali pana hewa, na hewa hiyo husambaza mwanga, hasa ule wa buluu. Mwanga huo uliosambaa hujilaza juu ya vivuli vya mbali na kuvififisha. Kadiri umbali unavyoongezeka, giza hupungua kwanza, halafu rangi hupoa kuelekea buluu au kijivu, halafu kingo hulainika. Leonardo da Vinci alilieleza jambo hili kwa makini katika maandishi yake, na wachoraji wamelitegemea tangu hapo.

Piga picha ya mchoro wako kwa simu na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa huwezi kutenganisha miti ya nyuma na ya mbele, rangi nzuri kiasi gani haitakusaidia. Changanya rangi ya anga na maji na midiamu kidogo (kimiminika cha akriliki kisicho na rangi), uipake nyembamba kabisa juu ya miti ya nyuma, uifute pembeni kwa kitambaa. Miti itarudi nyuma mbele ya macho yako. Rudia ikikauka, kama haijatosha.

Kukunja macho ukiwa unatazama msitu wenyewe, au picha yake, ni zoezi linalofaa kuliko darasa lolote la kuchora majani. Vitu vidogo hupotea na unabaki na maumbo makubwa matatu au manne. Chora hayo.

Kijani changu kinang'aa kama plastiki. Nakipoozaje?

Kijani cha moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, hasa cha thalo, kina nguvu ambayo ni nadra kuiona msituni. Changanya chako. Ultramarini na manjano ya limau hutoa kijani kilichopoa kiasi. Ultramarini na oka hutoa kijani cha mizeituni, kizuri sana kwa vichaka vya kivulini. Ukitaka kukituliza zaidi, weka nyekundu kwa ncha ya brashi. Nyekundu iko mkabala na kijani kwenye duara la rangi na hukipunguza makali. Tone dogo linatosha. Ukizidisha unapata kahawia.

Nyeupe usiifanye dawa ya kila kitu. Kijani kikiongezwa nyeupe kinakuwa chepesi, lakini pia kinapoa na kuwa kama chokaa. Kwa majani yaliyopigwa na jua ongeza manjano kwanza, nyeupe baadaye na kwa kipimo.

Liangalie jani kwa karibu siku ya jua. Ukisimama upande wa jua na kulitazama kutoka juu, uso wake unaakisi anga na unaonekana wa kijani kilichopoa, pengine wenye kijivu cha buluu. Zunguka usimame upande wa pili, jua likiwa nyuma ya jani. Sasa mwanga unapita ndani yake na jani lilelile linawaka manjano na kijani, hata mishipa inaonekana. Mchoro unaotofautisha majani haya mawili una mwanga ndani yake hata kama brashi ya mchoraji haijakomaa. Kwa hiyo amua mapema jua liko wapi. Likiwa nyuma ya miti, manjano yako makali yakae pembezoni mwa vichaka, mahali majani ni machache na mwanga unapenya, na katikati ya kichaka pabaki giza.

Nichore jani mojamoja?

Hapana. Chora mafungu ya majani. Kila mti una vichwa kadhaa vya majani, na kila kichwa kina juu panapopata mwanga na chini penye kivuli. Paka kwanza kichwa chote kwa giza, acha kikauke, halafu gonga juu yake kijani cha katikati kwa brashi kuukuu ya manyoya magumu, upande wa mwanga tu. Mwisho kabisa gonga kijani cha manjano sehemu chache. Rangi ya kugongea iwe nzito na brashi iwe karibu kavu. Kila baada ya kugonga mara tatu nne, geuza brashi mkononi ili alama zisijirudie.

Majani halisi, yenye umbo la jani, yawe kumi au ishirini katika picha nzima, mbele kabisa, mahali unapotaka jicho litue. Mtazamaji akiyaona hayo machache, akili yake itayajaza mengine yote.

Acha pia matundu ya anga kati ya majani. Ukiyaongeza baadaye kwa rangi ya anga, ifanye iwe na giza kidogo kuliko anga ya wazi. Tundu dogo limezungukwa na vitawi visivyoonekana na majani yanayokula mwanga, kwa hiyo likipakwa kwa weupe kamili linaruka mbele na kuonekana kama doa.

Mashina yangu yanafanana na nguzo za umeme. Nifanyeje?

Yape unene tofauti na nafasi tofauti. Mkono wa binadamu hupenda kupanga vitu kwa umbali sawa bila mwenyewe kujua, basi angalia kwa makusudi: mashina mawili yakaribiane, la tatu likae mbali, moja liinamie upande. Mti hupungua unene kila unapotoa tawi. Leonardo aliandika kwamba matawi ya kila kimo yakikusanywa pamoja unene wake hulingana na wa shina, na kanuni hiyo, ingawa ni ya kukadiria, itakuzuia kuweka tawi nene juu ya shina jembamba.

Chini, shina halisimami juu ya ardhi kama chupa juu ya meza. Linapanuka kuelekea mizizi, na mguu wake huzama kwenye nyasi na majani makavu. Ficha makutano hayo kwa mipigo michache ya rangi ya ardhi.

Na gome si lazima liwe kahawia. Mashina mengi msituni ni ya kijivu, yenye kijani cha kuvu na ndevu za miti upande mmoja na zambarau kivulini. Changanya ultramarini, amba na nyeupe, kisha uivute rangi kwa ubavu wa brashi bapa au kwa kisu cha paleti. Ikikatika njiani, usiijaze. Mkatiko huo ndio ukwaru wa gome.

Nawezaje kuonyesha mwanga unaopenya kati ya miti?

Kuna mambo mawili hapa, na watu wengi hulishughulikia moja tu.

La kwanza ni miale. Miale huonekana pale tu hewa ina ukungu, vumbi au moshi wa kuuonyesha mwanga, na hung'aa zaidi ikiwa nyuma yake pana giza. Basi usiiweke juu ya anga nyeupe. Chukua nyeupe yenye manjano kidogo, karibu kavu kwenye brashi bapa, uiburute kutoka kwenye chanzo kimoja kuelekea chini, ukipunguza nguvu ya mkono kadiri unavyoshuka. Miale mitatu isiyolingana upana inatosha. Ikizidi, picha inakuwa kadi ya salamu.

La pili ni madoa ya jua ardhini, na haya nayapenda zaidi. Yatazame vizuri: mengi ni ya mviringo au ya yai, ingawa matundu kati ya majani hayana umbo hilo. Kila tundu dogo hufanya kazi ya kamera ya tundu na kutupa ardhini taswira ya jua lenyewe. Wakati wa kupatwa kwa jua kwa sehemu, madoa yote hugeuka kuwa hilali. Upana wake hutegemea umbali: mwanga uliosafiri mita 11 kutoka kwenye tundu hutoa duara la takribani sentimita 10. Kwa hiyo usiyachore kwa pembe kali. Yafanye mayai yaliyolala, makubwa na yenye nafasi kwa mbele, membamba na yaliyosongamana kwa mbali. Mengine yapandane. Na yakipita juu ya mzizi au jiwe, yafuate umbo la kitu hicho. Rangi yake ni ya ardhi iliyoongezwa manjano na nyeupe, huku kivuli kinachoyazunguka kikielekea buluu au zambarau, kwa kuwa kivulini mwanga unaobaki hutoka angani.

Rangi inakauka kwenye paleti kabla sijaitumia. Kuna njia?

Chukua sahani bapa yenye mfuniko, tandaza ndani yake karatasi ya jikoni iliyolowa, na juu yake weka karatasi ya kuokea. Rangi ikiwekwa juu ya karatasi hiyo hupata unyevu kidogokidogo kutoka chini na hukaa laini kwa saa nyingi. Ukifunika, hata hadi kesho yake. Chupa ya kunyunyizia maji nayo iwe karibu.

Kwa anga, ambako unahitaji rangi ziyeyukiane bila mstari, lowesha turubai kidogo kwanza na ufanye kazi haraka kwa brashi kubwa. Kuna pia kimiminika cha kuchelewesha kukauka. Fuata kipimo cha kwenye chupa, maana kikizidi rangi hubaki inanata.

Niongeze maji kiasi gani?

Kidogo kwa kulainisha, zaidi kwa tabaka la kwanza la kutia rangi turubai. Ukitaka tabaka angavu kabisa juu ya rangi nyingine, tumia midiamu ya akriliki badala ya maji matupu. Maji mengi mno hutawanya vile vitone vya plastiki, na utando unaobaki haushiki vizuri. Unaweza hata kunyanyuka ukipitisha brashi yenye maji juu yake.

Nikikosea je?

Rangi ikiwa mbichi, ifute kwa kitambaa chenye maji. Ikiwa imekauka, paka juu yake. Ikiwa kosa lina mgongo, lisugue kwa msasa wenye maji kwanza, ili vumbi la rangi lisiruke ukalivuta. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa rangi zenye kadmiamu, metali yenye sumu.

Naweza kutumia picha ya simu kama mfano?

Ndiyo, lakini usiiamini kwenye vivuli na kwenye anga. Kamera ikipimia mwanga wa anga, vivuli vinakuwa vyeusi tupu. Ikipimia vivuli, anga inaungua na kuwa nyeupe. Jicho lako lingeona vyote viwili. Kwa hiyo chukua mpangilio kutoka kwenye picha, na rangi za kivulini zitafute kwa kwenda msituni, au hata chini ya mti mmoja, ukatazama. Ondoa pia vitu. Picha ina vitawi elfu, nawe hulazimiki kuvibeba vyote.

Kuna wachoraji wa misitu ambao kazi zao zinafaa kutazamwa?

Ivan Shishkin wa Urusi, aliyeishi 1832 hadi 1898. Mchoro wake wa 1889 wa asubuhi kwenye msitu wa misonobari, uliopo kwenye jumba la sanaa la Tretyakov jijini Moscow, ni somo zima la ukungu: tazama miti ya nyuma ilivyokaribia kuyeyuka huku mashina ya mbele yakiwa na kila ufa wa gome. (Dubu waliomo walichorwa na mwenzake, Konstantin Savitsky.) Kisha mtazame Gustav Klimt wa Austria na miti yake ya mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye hakujali kina kama Shishkin. Alipandisha mstari wa ardhi juu, akajaza chini zulia la majani, na kuyaacha mashina yafanye mdundo. Hawa wote walitumia rangi za mafuta, lakini mpangilio na mwanga havijali aina ya rangi.

Nitajuaje mchoro umekwisha?

Ukijikuta unaongeza majani bila kujua unayaongezea nini, weka brashi chini. Ugeuze mchoro kichwa chini au uutazame kwenye kioo. Ikiwa hakuna doa linalokuvuta jicho mahali usipotaka, umekwisha. Siku inayofuata macho yakiwa mapya unaweza kurekebisha jambo moja au mawili, mara nyingi giza la mbele ambalo huhitaji kuzidishwa kidogo.

Nisafisheje brashi, na maji machafu niyapeleke wapi?

Ioshe brashi mara tu ukiacha kuitumia, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hadi povu liwe safi. Usiiache imesimama kwenye kopo la maji. Nyuzi hupinda, na maji huingia kwenye shingo ya bati hadi mti unavimba na rangi ya mpini inabanduka. Brashi iliyokauka na rangi wakati mwingine hulainishwa kwa spiriti, lakini hairudi kamwe kuwa ilivyokuwa. Ifanye ya majani.

Rangi iliyobaki ifute kwa karatasi uitupe na taka. Maji machafu yaache kwenye ndoo hadi chembe zitulie chini, mwaga maji ya juu, na mashapo yakikauka yatupe kwenye taka. Yakimwagwa yote kwenye sinki, plastiki ile huganda ndani ya bomba.

Ni lazima nipake vanishi?

Si lazima, lakini inafaa. Akriliki iliyokauka ina vitundu vidogo na hubaki laini kiasi, kwa hiyo vumbi hushika. Vanishi huufunga uso na kuzipa rangi zote mng'ao mmoja, jambo linalorudisha uzito wa yale magiza uliyohangaika nayo. Subiri wiki moja au mbili kwa mchoro wa kawaida, zaidi kama umeweka rangi nene. Tia sahihi yako kabla ya hapo. Paka tabaka mbili nyembamba kwa brashi pana, ya pili ikikatiza uelekeo wa ya kwanza, na usirudi nyuma kuigusa sehemu iliyoanza kukauka.

Niuhifadhije?

Usilaze michoro miwili ya akriliki uso kwa uso. Kwenye joto hushikamana, na ukiitenganisha mmoja huondoka na ngozi ya mwenzake. Weka karatasi ya kuokea katikati. Karatasi ya plastiki yenyewe inaweza kunata. Ukilazimika kuzungusha turubai lisilo na fremu, lizungushe rangi ikiwa upande wa nje, kwenye bomba pana, na usifanye hivyo kwenye baridi, kwa kuwa akriliki ikipoa sana hukakamaa na inaweza kupasuka.